Mashine za kukata nyasi zifunguliwe kwanza, ndipo zipimwe kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, nalo ni mashine kuukuu za kukata nyasi ambazo shule, zahanati, nyumba za ibada na watu binafsi huwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu baada ya kuambiwa kwamba zimekufa. Mimi ni fundi mstaafu, naishi Moshi, na tangu nilipoacha kazi ya karakana nimekuwa nikifungua na kufufua injini za mashine hizo barazani kwangu, kwa spana chache, meza ya mbao na taa moja. Nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya mashine zinazopelekwa kwenye mizani hazikustahili kufika huko, na kwamba aliyezihukumu hakuwahi hata kufungua plagi akaitazama.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo la juzijuzi. Nilipita katika shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja, nikakuta mashine nne zimewekwa chini ya mti pamoja na fremu za madawati na mabati yaliyotoboka, zikisubiri gari la mnunuzi. Moja ilikuwa imebaki bodi tupu. Tatu zilikuwa na injini za petroli za Briggs & Stratton, zile ambazo shafti yake imesimama wima na kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye ncha yake ya chini. Mtunza mali, kijana mstaarabu sana, alinieleza magonjwa yake kama muuguzi anayekabidhi zamu: ya kwanza ina teke, yaani ukivuta kamba inakunyang'anya mkono, ya pili huwaka dakika moja kisha huzima, ya tatu haiwaki kabisa na hakuna anayekumbuka ililia lini mara ya mwisho. Nilizinunua zote tatu kwa uzito, Sh45,000 kwa jumla, nikazipakia kwenye bajaji. Naomba nieleze nilichokikuta ndani, kwa sababu hoja yangu yote imo humo.

Nianze na ile yenye teke, maana ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Katika injini hizi hakuna betri. Umeme wa cheche huzalishwa na sumaku iliyofungwa kwenye flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya shafti), ambayo kila inapozunguka hupita mbele ya koili (waya uliosokotwa unaotoa umeme), na cheche hutakiwa kuruka muda mfupi sana kabla pistoni haijafika juu. Flaiwili hushikwa isihame mahali pake kwa kipande kidogo cha madini laini ambacho mafundi tunakiita kii. Kisu kikigonga jiwe, shafti husimama ghafla, lakini flaiwili, kwa uzito wake, hutaka kuendelea kuzunguka, na kii hukatika au hukunjika kidogo. Hapo cheche huanza kuruka wakati usio wake, pistoni husukumwa irudi ilikotoka, na anayevuta kamba hudhani injini imeharibika tumboni. Nilipotoa flaiwili ya mashine ile nikaona kii imekatwa nusu, hatua ambayo jicho lisilozoea lingeipita. Nilibadilisha kii, nikanoa kisu, nikahakikisha hakijapinda, na mashine ikawaka kwa mvuto wa pili.

Hapa inanibidi nikiri kosa langu mwenyewe la miaka mingi iliyopita. Nikiwa bado karakana, nililetewa mashine ya aina hiyohiyo ambayo ilikuwa imekata kii mara mbili katika msimu mmoja. Nilijiona mjanja kuliko waliobuni injini, nikachonga kii ya chuma kigumu, nikaifunga kwa fahari na kumwambia mwenye mashine kwamba hatarudi tena kwa ugonjwa ule. Kweli hakurudi kwa ugonjwa ule. Wiki ya tatu kisu kiligonga kisiki cha mwarobaini kilichofichwa na nyasi, kii yangu haikukatika, na kilichopinda ni shafti ya kranki, yaani ile inayozungushwa na pistoni na kubeba kisu. Injini nzima iliishia kwenye vyuma chakavu kwa ajili ya kipande kinachoenea juu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Kile kipande kimefanywa laini makusudi, ili kivunjike chenyewe na kuokoa kilicho ghali. Bado naona mafundi wa mitaani wakiweka msumari au kipande cha nondo badala yake, nami nawasihi waache.

Mashine ya pili, ile inayozima baada ya dakika moja, ilinipa kazi ndogo zaidi. Kabla ya kugusa kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, fundi anatakiwa alegeze mfuniko wa tangi na aiwashe tena, kwa sababu mfuniko una tundu dogo la kupitisha hewa, na tundu hilo likiziba kwa vumbi petroli hushindwa kupanda. Nimewahi kuletewa mashine kutoka mbali kwa ajili ya tundu hilo peke yake, nikalizibua kwa sindano, nikaona haya kudai malipo. Safari hii mfuniko ulikuwa mzima. Kabureta ya injini hii imekaa juu ya tangi lenyewe, na ndani yake mna utando mwembamba wa mpira unaopumua kwa kufuata mvuto wa injini, ukiinyanyua petroli kutoka chini ya tangi na kuijaza kwenye kikombe kidogo kilicho juu. Utando ukizeeka hukakamaa kama ngozi ya ngoma iliyoachwa juani. Niliagiza utando mpya na gasketi yake kutoka Nairobi, vikaja kwa basi. Nilisafisha tangi kwa mafuta ya taa, nikasuuza kwa petroli safi, nikafunga. Kazi yote, ukiacha kusubiri basi, ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Ya tatu ndiyo iliyonifurahisha, kwa kuwa ilinidai akili. Wasomaji wenye injini za kampuni hii waangalie bati linalofunika feni: huwa limegongwa namba za modeli, aina na kodi (kwa Kiingereza "code", si kodi ya kulipa). Tarakimu ya kwanza au mbili za kwanza za modeli hueleza ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, kwa hiyo modeli ya tarakimu tano inayoanza na 9 ni injini ya takriban sentimita za ujazo 148. Kodi nayo huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku ya kutengenezwa. Ya kwangu ilianza na 79. Hilo lilinipa jibu kabla sijashika spana, kwa sababu kampuni hiyo ilianza kufunga mfumo wa cheche wa kielektroniki mwaka 1982, na injini ya kabla ya hapo lazima iwe na pointi na kondensa (kifaa kidogo cha kutunza umeme) chini ya flaiwili. Pointi ni vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufungana, na zikikaa miaka mingi bila kazi huota utando wa kutu usioonekana vizuri, ambao unatosha kabisa kuzuia umeme. Nilizisugua kwa msasa laini, nikazifuta kwa karatasi safi ili kusibaki unga, nikapima uwazi wake kwa fila, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi: nusu milimita. Kisha nikarudisha koili, ambayo inatakiwa isimame mbele ya flaiwili kwa nafasi ya takriban robo milimita. Asiye na fila anaweza kutumia kadi ya mchango wa harusi, ambayo katika nyumba zetu haikosekani. Huwekwa kati ya sumaku na koili, bolti zikakazwa, kadi ikachomolewa.

Cheche ikaja, ya buluu, lakini injini haikuwaka. Niligeuza flaiwili kwa mkono kinyume na mzunguko wake na kuiachia. Injini yenye mgandamizo mzuri huirudisha flaiwili kwa nguvu, nayo hii iliendelea tu kuzunguka kama gurudumu la baiskeli. Basi nikajua kwamba valvu, yaani vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, hazifungi. Uzuri wa injini hizi za zamani ni kwamba valvu zake ziko pembeni mwa silinda, si juu yake, hivyo hedi ni mfuniko tu, ukifungua bolti zake umefika. Valvu ya moshi ilikuwa imekwama ikiwa wazi kwa masizi na kutu. Niliitoa, nikaisafisha, nikaisaga kwenye kiti chake kwa dawa ya kusagia valvu, nikizungusha kijiti kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto, mpaka ikaonekana duara moja ya kijivu isiyokatika mahali popote. Kazi hii haitaki haraka. Ukisaga kupita kiasi, valvu hushuka na nafasi kati yake na kisukumio chake hupungua, na ikipungua mno valvu haitafunga tena injini ikipata moto. Nilifunga hedi kwa gasketi mpya, nikakaza bolti kidogo kidogo kwa kupokezana, na baada ya kuvuta kamba mara tano au sita injini iliyotengenezwa mwaka 1979 ikawaka, ikatoa moshi mwingi wa mafuta yaliyokuwa yamelala ndani, kisha ikatulia.

Nitoe tahadhari moja kuhusu masizi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikamilisha kuacha petroli yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa hiyo injini iliyofanya kazi kabla ya hapo inaweza kuwa na mabaki ya risasi juu ya pistoni na ndani ya hedi. Mabaki hayo yasikwanguliwe yakiwa makavu, wala yasipulizwe kwa mdomo kama tulivyozoea. Yaloweshwe kwanza kwa mafuta ya taa, yafutwe kwa kitambaa, na mikono ioshwe kabla ya kula. Gasketi za zamani nazo zisisagwe kwa mashine, kwani baadhi yake zilitengenezwa kwa asbesto. Kunyonya petroli kwa mpira sitasema mengi, kila fundi wa rika langu anajua ladha yake na hatakiwi kuijua. Na jambo la kwanza kabla ya yote, waya wa plagi uchomolewe kabla mkono haujaenda karibu na kisu, hata kama mashine inadaiwa kufa miaka kumi iliyopita.

Kwa mashine zote tatu nilitumia vipuri vya Sh70,000, ukijumlisha oili na plagi mpya. Muda wangu sikuuhesabu, na najua hapo ndipo atakayenipinga atasimama: fundi anayelipa kodi ya fremu mjini hawezi kukaa siku tatu na injini moja kuukuu. Ana haki. Ndiyo maana nazungumzia kazi ya nyumbani, ya mstaafu, ya kijana anayejifunza, ya mwenye mashine mwenyewe siku ya Jumamosi. Kazi hii haimtajirishi mtu. Lakini ni kosa kudhani kwamba kwa kuwa haimlipi fundi wa mjini, basi mashine yenyewe haifai.

Mara nyingi, kinachoziua mashine hizi ni kukaa bila kazi. Huku kwetu nyasi huota kwa nguvu wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na tena kidogo wakati wa vuli. Na nyasi zetu za kikuyu, zilizotoka katika nyanda za juu za Afrika Mashariki zikapelekwa hadi Afrika Kusini, Australia na California, ni nzito na zina mizizi inayotambaa, kwa hiyo mashine hufanya kazi ya punda kwa wiki kadhaa. Kisha mvua hukatika, mashine husukumwa stoo ikiwa na petroli ndani, na miezi inayofuata petroli hiyo hukauka na kuacha gundi ya kahawia kwenye vijitundu vya kabureta ambavyo ni vyembamba sana. Masika yakirudi, mtu huvuta kamba mpaka bega liume, halafu hutangaza kifo. Dawa yake ni kumwaga petroli yote mwishoni mwa mvua, kuiwasha mashine mpaka izime yenyewe, kisha kutia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi na kuvuta kamba taratibu mara mbili. Hata injini ambayo pistoni yake imejam kwa kutu mara nyingi huachia ikitiliwa dizeli iliyochanganywa na oili na kuachwa siku kadhaa. Anayeirukia kwa nyundo na bomba siku ya kwanza ndiye anayeivunja.

Oili nayo ina habari yake. Injini hizi hazina pampu ya oili kama ya gari. Kigurudumu kidogo chenye makasia kilicho chini hurusha oili iliyopo, na oili ikipungua hakuna taa ya kuonya. Oili ya uzito wa SAE 30 inatosha, zaidi kidogo ya nusu lita kwa injini nyingi za ukubwa huu, nayo ipimwe kila kabla ya kuwasha. Mashine ikilazwa ili kutoa nyasi zilizoganda chini, plagi ielekee juu, vinginevyo oili itaingia kwenye kabureta na kwenye chujio la hewa. Na ile springi ya gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, isivutwe wala kufupishwa ili mashine "iwe na nguvu". Injini hizi zimepangiwa kuzunguka takriban mara 3,600 kwa dakika zinapofikia mwisho wake, na anayezilazimisha kupita hapo huvunja fimbo ya pistoni, ambayo ikivunjika hutoboa bloku, yaani mwili wa injini.

Bloku iliyotobolewa na fimbo ya pistoni ndiyo mwisho, wala sina ubishi nayo. Vivyo hivyo shafti iliyopinda, na silinda ya aluminiamu iliyochubuka sana kwa kukosa oili. Injini za namna hiyo zivunjwe vipuri, kilichobaki kiende kwenye mizani. Sidai pia kwamba injini ya petroli haina ubaya: jimbo la California nchini Marekani limezuia uuzaji wa injini mpya nyingi za aina hii kuanzia mwaka 2024 kwa sababu ya moshi wake, na siku mashine za betri zitakapopatikana kwetu kwa bei ya kawaida na zikawa na vipuri, nitazipokea bila kinyongo. Hapo kwenye vipuri ndipo penye neno. Ufaransa tangu Januari 2021 huwataka wauzaji wa mashine za umeme za kukata nyasi waonyeshe alama ya kadiri zinavyoweza kutengenezwa, ikizingatia upatikanaji wa vipuri, bei yake na maelekezo ya ufundi. Ningependa waagizaji wa hapa nchini waulizwe maswali hayohayo, kwa mashine za betri na za petroli, kwa maana nimeona mashine mpya zikilala baada ya mwaka mmoja kwa kukosa kabureta, wakati ile ya 1979 bado napata gasketi yake.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na wasimamizi wa taasisi ni hili: kabla mashine haijawekwa kwenye orodha ya vitu vya kuuzwa kwa kilo, pawe na mtu aliyeifungua, akaandika kwa mkono wake alichokikuta kwenye plagi, kwenye kii, kwenye kabureta na kwenye valvu. Akiandika kwamba bloku imetoboka, iuzwe. Akishindwa kuandika chochote, isiuzwe. Na zile zitakazouzwa, vyuo vya ufundi stadi vya VETA na shule zenye somo la ufundi zipewe nafasi ya kwanza kuzichukua, kwa kuwa sijui kifaa kingine kinachoweza kubebwa na vijana wawili, kufunguliwa juu ya meza, na kumwonyesha mwanafunzi pistoni, valvu, cheche na mgandamizo katika kipindi kimoja bila hofu ya kuharibu gari la mtu.

Mashine mbili nimeshawapa wenye kuzihitaji. Ile ya 1979 bado ipo barazani, imemwagwa petroli na kufunikwa gunia. Nimemwandikia mkuu wa shule ile kwamba nipo tayari kuirudisha kwa Sh15,000 nilizoinunulia, vipuri nikivisamehe, endapo nitapewa Jumamosi moja na wanafunzi kumi niifungue tena yote mbele yao, wao ndio waifunge.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mstaafu,
Moshi